Betri Zimejaa

Kitasa kilikufa Jumatatu jioni, mvua ikinyesha, na Mkaguzi akiwa upande wa nje. Alibonyeza namba zake. Kimya. Akaweka kidole pale panapowekwa kidole. Kimya. Akatoa simu, akaifuta maji kwa ncha ya tai, akafungua ule ukurasa wa kitasa. Pembeni palikuwa na kipicha cha betri, kijani kitupu, imejaa karibu yote. Mlango, basi, haukuwa na sababu yoyote ya kumkatalia mwenyewe. Akagonga.

Ndani kulisikika maji, kisha kitu kama kiti kikisogezwa, kisha hatua zisizo na haraka. Mkaguzi alizisikiliza moja baada ya nyingine. Kusikiliza na kutazama ndiyo iliyokuwa kazi yake. Katika duka kubwa alikoajiriwa, yeye ndiye aliyesimama mlango wa nyuma wafanyakazi walipotoka, akipekua mikoba na kupapasa mifuko, huku akimwambia kila mmoja maneno yaleyale: "Samahani, ni utaratibu tu." Jina alilipata hukohuko, likamfuata mpaka nyumbani. Hata mwenye nyumba alipokuja kudai kodi alimwita Mkaguzi.

Aliyefungua alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, mikono imejaa povu mpaka viwikoni.

"Pole na mvua, shemeji. Nilikuwa namwogesha mtoto."

"Umechelewa kufungua."

"Goti hili. Nikishachuchumaa, kuinuka ni kazi."

"Nimesikia kiti."

"Nimekishika ninyanyukie."

Mkaguzi aliitikia kwa kichwa, kama anavyomwitikia mfanyakazi ambaye maelezo yake yamenyooka mno. Alivua viatu, akachungulia jikoni, akachungulia kwenye kibaraza cha nyuma kunakoanikwa nguo. Hakukuwa na mtu. Bafuni binti yake alikuwa ameketi ndani ya beseni akiimba wimbo aliousahau nusu. Mtoto huyo walimwita Chiriku kwa wingi wa maneno. Alikuwa mdogo bado, lakini mdomo ulikuwa umemtangulia umri.

Kisha akarudi mlangoni. Kifuniko cha betri kilikuwa upande wa ndani. Akakifungua, akatoa betri zote, akazitazama, akazirudisha na kuzikandamiza kwa kidole gumba. Kitasa kikalia mlio wake wa furaha, taa ya buluu ikawaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Zilikuwa zimelegea," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. Lakini alijua kuwa alikuwa amezikaza mwenyewe.

*

"Labda ni betri," alisema mkewe.

Walikuwa chumbani kabla ya chakula, Mama Chiriku akikunja nguo, yeye akibadili shati. Ukutani kati yao na sebule palipita kila neno, kwa hiyo waliongea kwa sauti ya kunong'ona iliyokuwa karibu kuwa ya kawaida.

"Betri zimejaa. Simu inasema zimejaa. Halafu hizi si za kutupa, ni za kuchaji, za maana. Nimezitoa nikazirudisha, kitasa kikafanya kazi palepale. Ingekuwa zimekwisha, zingefanya kazi?"

"Sijui."

"Mimi najua. Kuna mtu anazilegeza."

Mama Chiriku aliendelea kukunja. Alikuwa anashona mapazia katika karakana ya mtu, na vidole vyake vilikuwa na tabia ya kunyoosha pindo hata pasipo na pindo.

"Nani sasa?"

"Kifuniko kiko ndani. Mchana ndani kuna nani?"

"Dada ana haja gani na kitasa?"

"Kikifa hakiandiki nani kaingia. Fikiria hilo." Alisogea karibu. "Mimi sisemi ni mwizi. Nasema yule bwana aliyemfukuza bado anamtafuta, au yeye bado anamtaka. Mtu mzima akae ndani kutwa nzima, bila kumkaribisha mtu? Hao wa namna hiyo nawajua. Wanaopiga kelele siwaogopi. Namwogopa anayekujibu vizuri."

Mama Chiriku alitaka kusema kwamba dada yake alikuwa akijibu vizuri tangu utotoni, na kwamba ndiye aliyemfundisha yeye kujibu. Lakini alijua jinsi mazungumzo hayo yatakavyokwenda. Dada alikuwa amekuja na begi moja baada ya kutolewa kwenye ndoa yake, na tangu siku ile kila kitu kilichofanywa ndani ya nyumba kilifanywa kwa hisani ya Baba Chiriku: kiti alichokalia dada, sahani aliyolia chakula, mto aliolalia. Hisani haikusemwa kwa mdomo. Ilionekana namna Mkaguzi alivyopima sukari kwa macho kabla ya kukoroga chai yake.

"Chakula kiko tayari," Mama Mkubwa aliita kutoka upande wa pili wa ukuta. Ndivyo Chiriku alivyomwita, na nyumba nzima ikafuata.

Wote wawili wakaangaliana, kila mmoja akijiuliza kama Mama Mkubwa amesikia. Alikuwa amesikia.

*

Siku chache baadaye Mkaguzi aliomba ruhusa kazini, akasema jino linamuuma, akarudi nyumbani mchana.

Alipanda ngazi kwa vidole vya miguu. Mlangoni akasimama, akaegesha sikio. Na hapo, wazi kabisa, akasikia sauti ya mwanaume. Sauti nzito, yenye kujiamini, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mwanamke akacheka. Mwanaume akasema tena kitu, na mwanamke akacheka zaidi.

Moyo ulimwenda mbio, na ndani ya mbio hizo palikuwa na raha asiyoweza kuikiri. Alikuwa amejua! Alibonyeza namba. Safari hii kitasa kilitii mara moja. Akausukuma mlango kwa bega.

Mama Mkubwa alikuwa ameketi sakafuni, goti limenyooshwa, akichambua mchele kwenye sinia. Chiriku alikuwa amelala usingizi mkekani. Juu ya kiti palikuwa na redio ndogo, kioo chake kimepasuka, na ndani ya redio mwanaume alikuwa akimweleza mwanamke mwingine jinsi alivyomtapeli mkwewe. Mwanamke wa redioni akacheka kwa mara ya tatu.

"Shemeji?" Mama Mkubwa alishtuka. "Kuna nini? Umefukuzwa kazi?"

"Jino."

"Pole. Nikuchemshie maji ya chumvi usukutue?"

Mtu mwingine angeona haya, akakaa, akasukutua. Mkaguzi aliona haya kweli, lakini haya kwake ilikuwa kama njaa, ilimfanya atafute zaidi. Macho yake yakarudi kwenye redio. Aliinyanyua, akaigeuza, akafungua mgongo wake. Mle ndani zilikuwa zimelala betri mbili zenye mkanda wa buluu. Betri zake. Aina ileile ya kitasani, alizonunua kazini kwa bei ya wafanyakazi, pamoja na chaja na nyingine za akiba.

Mwanaume wa redioni alikatika katikati ya neno.

Mkaguzi alikuwa amezichomoa. Alizitia betri mfukoni, akafunga mgongo wa redio kwa uangalifu, akairudisha kitini palepale ilipokuwa.

"Shemeji," alisema Mama Mkubwa, "hizo—"

"Tutaongea jioni."

Akatoka. Mama Mkubwa alibaki na sinia mapajani. Mchele ulikuwa umekwisha kuchambuliwa, lakini aliuchambua tena wote tangu mwanzo.

*

Jioni hiyo Mkaguzi alisubiri mkewe avue viatu, anywe maji, aketi. Kisha akaweka betri mbili juu ya meza, zimesimama wima.

"Hizi nimezikuta kwenye redio ya shemeji."

Mama Chiriku alizitazama. Alizijua. Alikuwa amezichukua mwenyewe kutoka kwenye zile za akiba, asubuhi moja alipomkuta dada yake akigonga redio iliyokufa kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Alimpa akamwambia, chukua, kutwa nzima hapa peke yako utaongea na kuta. Lilikuwa jambo dogo kiasi kwamba hakufikiria kuliombea ruhusa. Au alifikiria, na kwa sababu alifikiria akalinyamazia.

"Sasa nimeelewa," Mkaguzi aliendelea. "Nzima zinatoka kwenye kitasa zinaingia kwenye redio. Zilizochoka zinatoka kwenye redio zinaingia kwenye kitasa. Kitasa kinakufa. Mimi nanyeshewa." Alimgeukia Mama Mkubwa, ambaye hakuwa ameketi. "Shemeji, naomba mkoba wako."

"Mkoba wangu?"

"Samahani, ni utaratibu tu."

Alilisema kwa mazoea, na lilipotoka mdomoni hata yeye alilisikia. Lakini mkono ulikuwa tayari umenyooshwa. Mama Mkubwa aliingia kwenye kile kipembe alicholalia nyuma ya pazia, akatoka na begi lake, akaliweka mezani.

Mkaguzi alitoa kitu kimoja kimoja, kama anavyofanya kazini, akavipanga kwa safu. Leso mbili. Kipande cha sabuni ndani ya soksi. Dawa ya kuchua goti. Kitana. Picha ya wazazi wao, marehemu wote, imekunjika pembe. Sidiria iliyoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Hapo Mkaguzi angeweza kuacha, lakini alitia mkono mpaka kwenye mifuko ya pembeni, akatoa pipi mbili zilizoshikana na karatasi zake.

Chiriku alikuwa amesogea mpaka kwenye ukingo wa meza, kidevu juu, macho yakimng'aa kwa ile safu ya vitu.

"Mama Mkubwa, unauza?" aliuliza. "Pipi bei gani?"

Hakuna aliyecheka. Mama Mkubwa alichukua zile pipi, akazitenganisha, akampa mtoto moja.

"Nauliza mara moja," alisema Mkaguzi. "Hizi betri nani kazichukua?"

Mama Mkubwa alimtazama mdogo wake. Hakumkazia macho, alimtazama tu, kama mtu anavyotazama dirishani kuona kama mvua imeacha. Mama Chiriku alikuwa ameshika ukingo wa kitambaa cha meza, vidole vikinyoosha pindo. Aliona jinsi itakavyokuwa. Kwanza betri, kisha kwa nini hukusema, kisha umenificha nini kingine, kisha wiki nzima ya kimya, kisha "wewe na dada yako". Alifungua mdomo. Akaufunga, akakitazama kitambaa.

"Nilizichukua mimi," alisema Mama Mkubwa.

"Na za kitasa?"

"Za kitasa sijagusa. Kile kitu hata kukiangalia naogopa."

"Ukikiri kimoja, shemeji, malizia na cha pili."

"Sina cha pili."

Akaanza kurudisha vitu vyake begini. Picha aliiweka mwisho, juu ya leso, isikunjike zaidi. Mkaguzi alisogea kumpisha, na kwa muda mfupi hakujua mikono yake aiweke wapi.

Asubuhi Mama Mkubwa aliondoka. Alisema kuna rafiki yake anafua mashuka kwenye nyumba ya wazazi, ile zahanati ya akina mama, nao wanatafuta mtu. Mama Chiriku alimsindikiza mpaka barabarani, akambebea begi, akataka kusema, akasema: "Vaa sweta, kuna baridi."

"Nimevaa," alijibu dada yake. Na kweli alikuwa amevaa.

*

Mkaguzi alichaji betri zote upya, akabadilisha namba za siri, na kitasa kikafanya kazi bila kukohoa.

"Unaona?" alisema kila alipoingia. "Unaona sasa?"

Mama Chiriku aliona. Aliona pia kwamba pasipo dada hakuna wa kukaa na mtoto, kwa hiyo aliacha karakana na kuanza kushonea nyumbani, mapazia ya watu yamejaa sebule nzima. Cherehani ilikuwa ya mwenye karakana, na kila kitambaa kilichorudi na doa kilikuwa juu yake. Alimwomba mumewe ufunguo. Kitasa kile kilikuwa na tundu dogo la ufunguo wa kawaida, limefichwa chini ya kifuniko, kwa dharura. Funguo zilikuwa mbili na zote alikuwa nazo Mkaguzi.

"Wa nini? Una namba, una kidole."

"Kikifa?"

"Kitakufaje? Aliyekuwa anakiua ameondoka."

Kilikufa asubuhi ya Jumatano. Mama Chiriku alikuwa ameinjika sufuria ya maziwa, moto mdogo, akatoka kwenye ngazi kuchukua furushi la vitambaa alilokuwa ameletewa na kijana wa karakana. Furushi lilikuwa zito. Aliliinua kwa mikono miwili, na nyuma yake mlango ukajirudi wenyewe, ukajifunga, kama ulivyotengenezwa kujifunga. Hakushtuka. Aliweka furushi chini, akabonyeza namba.

Kimya.

Akaweka kidole. Akakifuta kwenye kanga, akakiweka tena. Simu yake ilikuwa ndani, juu ya cherehani.

"Chiriku! Mama, njoo mlangoni."

Vikasikika visigino vidogo. "Nani?"

"Mimi. Fungua mlango. Zungusha kile kitasa cha ndani."

"Sifiki."

"Vuta kiti." Mara akakumbuka jikoni. "Usiende jikoni, umesikia? Vuta kile kiti cha hapo hapo."

Kiti kiliburuzwa. Mama Chiriku alikuwa amebana paji la uso kwenye mlango, akielekeza kwa sauti laini, kushoto mama, mkono ule wa kulia chakula, hapana, ule mwingine. Na puani tayari ilikuwa imemfika harufu ya maziwa yaliyomwagika motoni. Kile kitasa cha ndani kilikuwa kigumu hata kwa mtu mzima. Mtoto aliguna, akaguna tena, kisha kiti kikateleza. Kishindo. Kisha kimya ambacho mama yeyote anakijua, kile cha mtoto anayevuta pumzi kabla ya kulia.

Chiriku alipolia, Mama Chiriku aliacha kunong'ona. Alipiga mlango kwa ngumi, kwa kiwiko, akapiga kelele mpaka ngazi zote zikaitika. Jirani wa chini, mchomeleaji wa mageti, alipanda na miwani yake myeusi bado iko kichwani. Alimpa simu yake. Mama Chiriku akampigia mumewe, ikaita mpaka ikakata. Alikumbuka: wafanyakazi wote huacha simu kwenye kabati mlangoni. Ilikuwa sheria, na aliyeidai sheria hiyo kwa wakubwa ni Mkaguzi mwenyewe. Akapiga ya ofisini.

"Mkaguzi yuko kwenye upekuzi," ilisema sauti ya msichana. "Nimwachie ujumbe?"

"Mwambie mtoto wake anaungua!"

"Subiri kidogo, usikate."

Mchomeleaji hakusubiri. Alishuka, akarudi na mtaimbo, akautia kwenye mwanya. "Mama Chiriku, huu mlango hautafaa tena."

"Vunja."

Mlango ulipasuka kuanzia kwenye fremu. Moshi ulitoka mweupe, wa maziwa na sufuria inayoungua. Mchomeleaji alikwenda kuzima jiko. Mama Chiriku alimwokota mwanawe chini ya kiti kilichopinduka, kidevu kimepasuka, damu imelowesha gauni mpaka tumboni. Alimbana kifuani. Mtoto, kati ya kwikwi na kwikwi, alikuwa akieleza yote yaliyotokea.

*

Mkaguzi alifika wakati mtoto ameshashonwa kidevu na kurudishwa, amelala mapajani mwa mama yake. Majirani walikuwa bado wamejaa kwenye ngazi, kama kawaida ya majirani, wengine wakiushika mlango uliovunjika na kutikisa vichwa.

Alimpiga mtoto busu kichwani. Akamgusa bandeji. Alimpenda binti yake, hilo hata wafanyakazi aliowapekua walilijua. Kisha akainuka, akatazama kitasa kilichokuwa kinaning'inia, akatoa simu.

"Betri zimejaa," alisema.

Mama Chiriku aliinua uso.

"Angalia. Zimejaa. Nani alikuwa ndani?"

"Chiriku."

"Na kabla ya Chiriku?"

"Mimi."

"Nani amegusa kifuniko?"

Ngazini watu walisogea karibu. Mchomeleaji alivua ile miwani yake kichwani, akaishika mkononi.

"Kwa nini nikiguse?" alisema Mama Chiriku.

"Mimi naomba kuelewa tu. Uliomba ufunguo, nikakunyima. Wiki haijaisha mlango umevunjwa. Dada yako hayupo. Tumebaki wawili humu, na mimi nilikuwa kazini."

Mama Chiriku aliinuka. Alimlaza mtoto juu ya lundo la mapazia. Akaenda mlangoni, akaking'oa kitasa na skrubu zake, akakitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Twende tulikokinunua," alisema. "Sasa hivi. Chiriku atakaa na majirani."

*

Muuza vitasa alikuwa kijana mwenye shati la kubana, na dukani kulikuwa na wateja. Alifungua kifuniko, akaona mikanda ya buluu, akacheka kabla hajasema neno.

"Mzee, umeweka za kuchaji."

"Ni nzuri kuliko za kawaida. Na simu inaonyesha zimejaa."

"Ndiyo shida yenyewe. Za kawaida nguvu inashuka polepole, kitasa kinaona, kinakuonya mapema. Hizi zinashikilia palepale, zinashikilia, halafu zinakata ghafla. Kitasa kinadhani bado zimejaa mpaka kinazima. Ukizitoa zikapumzika, zinapata kinguvu kidogo, kinawaka tena. Baada ya siku chache tu, chali."

"Kwa hiyo hakuna mtu..." Mkaguzi aliishia hapo.

"Mtu gani?"

Mkaguzi alifunga kifuniko cha kitasa.

"Halafu nilikuambia, mzee. Siku ile ulipokuja. Nikakwambia weka za kawaida, za kuchaji usiweke. Ukanijibu eti nataka uwe unarudi kununua kila mwezi." Kijana aliwageukia wateja, akitafuta mashahidi. "Eti nataka kumwibia!"

Mteja mmoja alicheka. Mwingine aliangalia bei za makufuli. Mkaguzi alikumbuka vizuri. Alikumbuka hata jinsi alivyotabasamu akitoka dukani siku ile, akijipongeza kwamba hajaibiwa.

Nje, juani, alisimama na mfuko mkononi.

"Lakini za redio alizichukua," alisema. "Hilo alikiri mwenyewe."

"Za redio nilimpa mimi."

Aligeuka. Watu walikuwa wakipita kati yao na duka.

"Wewe? Mbona hukusema?"

"Nilikuogopa. Yeye akaona nimeogopa, akabeba." Mama Chiriku hakuwa akilia, sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma vipimo vya dirisha. "Wewe ulipekua sidiria ya dada yangu juu ya meza tunayolia chakula. Mimi nilikuwa nimekaa. Nimeshika kitambaa."

Mkaguzi alihamishia mfuko mkono wa pili. Maneno aliyoyazoea yote yalikuwa ya kuuliza.

*

Jumapili walikwenda kwenye ile zahanati ya akina mama. Mama Mkubwa alikuwa ua wa nyuma, kati ya mabeseni, kanga imefungwa kiunoni, ameketi juu ya kiti kirefu alichotengenezewa kwa ajili ya goti. Chiriku alimkimbilia, akaanza kusimulia kidevu kabla hajamfikia.

Mkaguzi alisimama mbele ya shemeji yake kama wanavyosimama watu mbele yake.

"Shemeji. Nimekukosea. Yale ya mkoba, na ya betri. Yote. Nimekukosea sana."

Mama Mkubwa alimtazama. "Jino lilipona?"

"Halikuwa linauma."

"Nilijua. Mtu wa jino hapandi ngazi kwa kunyata." Akatikisa kichwa, karibu acheke. "Haya, yameisha. Wewe ulikuwa hunijui. Kila mtu kwako ni wa mlango wa nyuma. Mpeleke mtoto akaone wale njiwa kule."

Alikwenda, amemshika binti yake mkono, mabega yamemshuka, na alikuwa na shukrani hata kwa kutumwa.

Mama Chiriku alibaki. Alikuwa amepanga maneno njiani kote, na sasa yote yalimtoka kwa mkupuo: kwamba nyumba ina mlango mpya, kitasa cha kawaida, ufunguo wa kila mtu, kwamba Baba Chiriku mwenyewe amesema arudi, kwamba kile kipembe watakitia ukuta, kiwe chumba.

"Sirudi," alisema Mama Mkubwa. "Hapa nina kitanda changu. Mkubwa wa hapa hanipimii sukari."

"Dada, nisamehe."

"Mumeo nimemsamehe, umeona."

"Na mimi?"

Mama Mkubwa alitumbukiza mikono kwenye beseni, akaivuta shuka, nzito, maji yakimiminika. "Yeye alinishuku kwa sababu hanijui. Wewe ulikuwa unajua." Aliitafuta ncha ya shuka. "Mimi nilikutazama ili nikuone tu. Sikutaka useme. Lakini nilipokutazama, uliangalia kitambaa."

Mama Chiriku aliinamisha kichwa. Kule kwenye njiwa Chiriku alikuwa akimfundisha baba yake jinsi ya kuwaita.

"Usiniharakishe," alisema Mama Mkubwa. "Nitafika. Lakini usiniharakishe."

Shuka ilikuwa kubwa, ya kitanda cha wodi, na haikamuliki na mtu mmoja. Mwenzake wa kazi alikuwa amekwenda kula. Mama Mkubwa alimsogezea mdogo wake ncha ya pili.

"Shika huko. Mimi nazungusha huku, wewe zungusha kule."

Mama Chiriku alipandisha mikono ya gauni lake la kutokea, akashika.

"Kaza," dada yake alimwambia. "Na safari hii usiachie."

Wakaanza kukamua.